Huntha, Jinsia Mbili au Jinsia Tata? Tathmini ya Istilahi za Kiswahili Zinazorejelea Maumbile ya Kati ya Kike na Kiume

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei mwaka 2009 mtoto alizaliwa katika hospitali moja ya umma jijini Nairobi. Waganga walipomchunguza walibaini kwamba viungo vyake vya uzazi havikuonyesha wazi iwapo alikuwa wa kike au wa kiume. Katika stakabadhi za uchunguzi wake, kwenye nafasi ya kujaza jinsi, palitiwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba alama hiyo ilimvunjia mwanawe heshima na kwamba mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ili kumsitiri, mahakama ilimwita Mtoto A.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kisa hiki kinazua suala ambalo halikomei katika tiba wala sheria. Tunafundishwa kwamba alama ya kuuliza huja mwishoni mwa sentensi ulizi. Hapa ilikaa mahali pa nomino. Aliyejaza fomu hakuwa na neno, na palipokosekana neno, mtoto mwenyewe aligeuzwa kuwa swali.

Makala hii inanuia kutathmini maneno ambayo Kiswahili kinayo, au kinadhaniwa kuwa nayo, ya kuwarejelea watu waliozaliwa na maumbile yasiyolingana kikamilifu na ya kike wala ya kiume. Hoja kuu ni kwamba istilahi zinazotumiwa sana nchini zina kasoro za kimaana ambazo huwadhuru wanaorejelewa, na kwamba ni wajibu wa wanaisimu kuzisahihisha badala ya kuwaachia waandishi wa habari na makarani wa serikali kazi hiyo. Kabla ya kuingia katika uwanja wa istilahi, itafaa tubainishe dhana zenyewe.

2.0 Jinsi na Jinsia

Nchini Kenya neno jinsia hubebeshwa mizigo miwili. Kwa upande mmoja hurejelea maumbile ya mwili. Kwa upande mwingine hurejelea nafasi na majukumu ambayo jamii humpa mtu kwa misingi ya maumbile hayo. Nchini Tanzania, hasa katika takwimu rasmi, dhana ya kwanza huitwa jinsi na ya pili jinsia. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu na yanatokana na mzizi mmoja, lakini utengano huu una manufaa makubwa kitaaluma. Mtu akisema kwamba kazi ya kuteka maji imegawanywa kijinsia, anazungumzia desturi. Akisema kwamba daktari amechunguza jinsi ya mtoto, anazungumzia mwili. Makala hii itazingatia utengano huo.

Dhana ya tatu inayopaswa kutengwa ni mwelekeo wa kimapenzi, yaani mtu anavutiwa na nani. Jambo hili halihusiani na maumbile ya kuzaliwa tunayoyajadili. Mtoto mchanga ambaye viungo vyake havijabainika hana mwelekeo wowote wa kimapenzi. Ana mwili tu. Hata hivyo, katika mazungumzo ya mitaani na hata magazetini, dhana hizi tatu huvurugwa na kufanywa moja. Tutaona punde jinsi msamiati wetu wenyewe unavyochangia vurugu hilo.

3.0 Maumbile Yenyewe

Istilahi haiwezi kuwa sahihi iwapo aliyeiunda hakukielewa anachokitaja. Kwa hivyo tuangalie kwa ufupi sayansi inavyoeleza.

Kwa kawaida binadamu ana kromosomu 46, na mbili kati ya hizo huhusika na jinsi. Mwanamke kwa kawaida huwa na XX na mwanamume XY. Hata hivyo, hadi yapata wiki ya sita ya mimba, vijusi vyote huwa na tezi changa za aina moja, ambazo zaweza kukua na kuwa ovari au korodani. Mwaka 1990 wanasayansi nchini Uingereza waliitambua jeni iliyomo katika kromosomu Y, inayoitwa SRY, ambayo huanzisha safari ya tezi hizo kuelekea kuwa korodani. Korodani nazo hutoa homoni, na homoni hizo huunda viungo vya kiume. Isipokuwapo jeni hiyo, kwa kawaida safari huelekea upande wa ovari.

Safari hii ina hatua nyingi, na katika kila hatua pana uwezekano wa mambo kwenda kwa namna tofauti. Mifano mitatu itatosha.

Mfano wa kwanza ni wa mtu mwenye kromosomu XY na korodani zilizo ndani ya mwili, lakini ambaye seli zake haziitikii kabisa homoni za kiume. Mtu huyo huzaliwa na umbo la nje la kike na hulelewa kama msichana. Akifikia umri wa kubaleghe huota matiti, ila hapati hedhi kwa sababu hana mji wa mimba. Mara nyingi huwa ndipo kwanza familia inapojua. Hakuna aliyemshuku akiwa mchanga.

Mfano wa pili ni wa mtoto mwenye kromosomu XX, ovari na mji wa mimba, lakini ambaye tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, hutoa homoni za kiume kupita kiasi tangu akiwa tumboni. Anapozaliwa, kisimi chake huweza kuwa kikubwa hata kikadhaniwa kuwa uume. Hali hii inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwani katika aina yake iliyo kali mwili hushindwa kuhifadhi chumvi. Mtoto huanza kutapika, hukaukiwa na maji, na aweza kufariki katika wiki za kwanza za maisha asipopata dawa. Dawa hizo zipo, na akizipata huishi.

Mfano wa tatu ni wa mtoto mwenye XY ambaye mwili wake unakosa kimeng'enya cha kugeuza testosteroni iwe homoni yenye nguvu zaidi. Huzaliwa na umbo linalofanana na la kike, kisha anapobaleghe sauti huwa nzito, misuli hujengeka na uume hukua. Mwaka 1974 watafiti walichapisha maelezo ya kisayansi kuhusu familia kadhaa zenye hali hii katika kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika, ambako wanakijiji walikuwa wameijua muda mrefu kabla ya watafiti kufika.

Wapo pia watu wachache wenye tishu za ovari na za korodani katika mwili mmoja. Hata hao hawana seti mbili kamili za viungo vya uzazi. Hili ni jambo la kukumbukwa, kwani ndilo litakalotuongoza tunapoyapima maneno.

4.0 Yaliyokuwapo: Ushahidi wa Lugha Zetu

Pana dhana potovu kwamba watu hawa ni jambo geni lililoletwa na nyakati hizi. Ushahidi wa lugha unaikanusha.

Katika toleo la mwaka 1964 la jarida la Marekani la anthropolojia, mtafiti Robert Edgerton alieleza kwamba Wapokoti wa Kenya walikuwa na neno sererr kwa mtu ambaye ni mume na mke kwa pamoja na wakati huo huo si mume wala mke. Jamii ilikuwa na neno. Lakini neno hilo halikumpa mwenyewe mahali pa kukaa. Kwa kuwa utu uzima miongoni mwa Wapokoti ulipatikana kwa kutahiriwa, na sererr hakuweza kutahiriwa kama mvulana wala kama msichana, hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Edgerton alieleza pia kwamba wengine waliuawa wangali wachanga, na kwamba walioishi walithaminiwa kwa bidii yao ya kazi.

Pwani ya Afrika Mashariki ilipata neno lake kutoka Kiarabu. Huntha ni istilahi ya fikihi ya Kiislamu, na wanazuoni wa karne nyingi zilizopita waliijadili kwa kina kwa sababu sheria ya mirathi iliwalazimu. Katika hali nyingi fungu la mwana wa kiume huwa mara mbili ya la mwana wa kike. Je, huntha apewe lipi? Walianza kwa kuangalia njia anayokojolea. Ikiwa ni moja, mambo yamebainika. Ikiwa ni zote mbili, walitazama inayotangulia. Yule ambaye hakubainika kabisa waliitwa huntha mushkil, na mushkil ndilo neno lile lililotupa mushkili, yaani tatizo au jambo gumu. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, kila mrithi hupewa kile ambacho ni cha hakika, na kilichobaki huhifadhiwa hadi hali ibainike au warithi wapatane. Masuala haya yamo katika Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho kimesomwa na wanazuoni wa pwani kwa vizazi vingi.

Tofauti ya mifano hii miwili ni funzo. Sererr lilimtaja mtu na kumwacha nje ya mlango. Huntha lilimtaja mtu na kumhifadhia fungu lake hadi mambo yabainike. Neno pekee halitoshi. Linalotakiwa ni neno linalomfungulia mtu haki.

5.0 Uchanganuzi wa Istilahi Zilizopo

5.1 Mwenye jinsia mbili

Hiki ndicho kirai kinachosikika zaidi redioni na katika runinga. Sifa yake ni uwazi: msikilizaji hahitaji kamusi. Lakini uwazi huo ni wa kupotosha. Kwanza, kirai kinamaanisha kwamba mtu ana seti mbili kamili, ya kike na ya kiume, jambo ambalo tumeona si kweli. Msichana wa mfano wetu wa kwanza hana viungo viwili vya uzazi; wala mtoto wa mfano wa pili hana. Pili, kirai hiki huchochea udadisi usio na staha. Mtu akiambiwa kwamba fulani ana vitu viwili, jambo la kwanza analotaka ni kuona. Tatu, kinatumia jinsia pale ambapo dhana lengwa ni jinsi.

Kosa hili si la wanahabari pekee. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya mwaka 2014, ambayo ilikuwa na nia njema ya kuwalinda mahabusu na wafungwa wa aina hii na kuwapa haki ya kuamua nani awapekue, iliwafafanua kuwa watu waliothibitishwa na daktari kuwa na viungo vya uzazi vya kiume na vya kike. Kwa fasili hiyo, wengi wa wale waliokusudiwa kulindwa wanabaki nje ya ulinzi.

5.2 Jinsia tata

Kirai hiki ni cha heshima kidogo kuliko kilichotangulia, na kinakiri kwamba jambo lenyewe si sahili. Ila tata ni neno la uzi uliojifunga na kesi iliyokosa ufumbuzi. Anayeitwa tata anangojewa atatuliwe. Kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1950, madaktari katika nchi nyingi waliwafanyia watoto wachanga upasuaji wa kurekebisha maumbile ambayo hayakuhatarisha maisha yao, ili yalingane na upande mmoja. Wengi waliofanyiwa hivyo walipokua walilalamika kuhusu maumivu, ganzi na kupoteza uwezo wa kuzaa, mambo ambayo hawakuwahi kuulizwa. Siwezi kudai kwamba neno moja ndilo lililoshika kisu. Hata hivyo, anayemwona mtoto kama fumbo atatafuta jawabu upesi kuliko anayemwona kama mtoto.

Msomaji makini atakuwa ametambua kwamba tata na mushkil ni ndugu. Tofauti ni kwamba katika fikihi mushkil lilieleza ugumu wa hakimu katika kugawa mali. Lilimlazimu hakimu asubiri. Katika matumizi ya leo tata limehamishwa kutoka kwa anayeamua na kubandikwa mtu mwenyewe.

5.3 Huntha

Neno hili lina sifa nyingi za istilahi bora. Ni fupi, limekwisha kuzoea fonolojia ya Kiswahili, limo katika kamusi zetu, linaingia katika ngeli ya A-WA bila taabu, na linazaa: huntha, mahuntha, uhuntha.

Lina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni jirani yake. Kutokana na mzizi ule ule wa Kiarabu, wenye maana ya kulegea au kupinda, Kiswahili kilipata pia hanithi, neno la kumwita mwanamume asiye na nguvu za kiume au anayeingiliwa na wanaume wenzake. Hanithi ni tusi zito. Maneno haya mawili yanafanana kimatamshi, na masikioni mwa wasiojua asili yake yameambukizana maana. Hapa ndipo vurugu tulilolitaja katika sehemu ya pili linapozaliwa: mtoto ambaye tezi zake za adrenali zina kasoro anajikuta amesimama karibu na tusi ambalo halimhusu kwa lolote.

5.4 Funzo kutoka kwa nomino za ulemavu

Kiswahili kimewahi kupitia njia hii. Kwa muda mrefu tuliwaita watu wenye ulemavu kwa nomino zenye viambishi vya ki-/vi-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Baadaye pakatokea mwamko wa kusema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mwenye ulemavu wa kusikia. Mwelekeo ni mmoja: kumtanguliza mtu, kisha kuitaja hali yake kama mojawapo ya sifa zake. Uhuntha si ulemavu, na sikusudii kuvilinganisha kama hali. Ninacholinganisha ni muundo wa kisarufi, kwamba kumwita mtu kwa nomino ya hali yake pekee ni kumfunga ndani ya hali hiyo.

6.0 Sarufi Inayotenda Haki

Yapo mengi ya kukilaumu Kiswahili, lakini kuna jambo ambalo lugha hii imelitenda vyema kuliko nyingi za Ulaya. Mfumo wetu wa upatanisho wa kisarufi haubagui kijinsi. Yeye ni yeye. Kiambishi a- katika amelala, anacheka, atasoma hakimwulizi mtu ana viungo gani. Mzungumzaji wa Kiingereza au Kiarabu akitaka kusema tu kwamba analia, kwa kawaida hulazimika kuchagua kiwakilishi au umbo la kitenzi, Mswahili halazimiki. Mtoto, mwana, mjukuu, ndugu, mwanafunzi, jirani na rafiki ni nomino ambazo huntha anaweza kuzikalia bila kusukumwa.

Msukumo huanza katika msamiati. Mtu anapojifungua, swali la wanaokuja kumpongeza huwa: mtoto gani? Kisha huja bin au binti, Bwana au Bi, kaka au dada, shangazi au mjomba, choo cha huku au cha kule, shule ya bweni ya wavulana au ya wasichana. Ni muhimu mwanafunzi wa isimujamii atambue kwamba milango hii ni ya desturi na ya leksika, wala haikujengwa na sarufi. Kilichojengwa na leksika chaweza kupanuliwa na leksika.

7.0 Sheria, Sensa na Uzito wa Neno

Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya mfungwa huntha aliyekuwa katika gereza la Kamiti. Mahakama ilikataa kutambua kategoria ya tatu ya jinsi, lakini ilikubali kwamba alitendewa kinyama gerezani kwa kuvuliwa nguo na kufanywa kioja, na ikaamuru alipwe fidia ya shilingi 500,000. Tarehe 5 Desemba 2014, katika kesi ya Mtoto A, Jaji Isaac Lenaola alimwagiza Mwanasheria Mkuu aieleze mahakama ni chombo kipi kitakusanya takwimu za watu hawa, na hatua zilizofikiwa kuhusu sheria na miongozo ya upasuaji. Mwezi Mei 2017 jopokazi liliundwa kulichunguza suala hilo.

Matunda yake yalionekana mwaka 2019, pale sensa ya Kenya ilipowahesabu watu hawa katika safu yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Matokeo yalikuwa haya: wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na mahuntha 1,524. Jumla ni 47,564,296.

Hebu tuitazame nambari hiyo ya 1,524. Umoja wa Mataifa hunukuu makadirio ya kati ya asilimia 0.05 na 1.7 ya watu, kutegemea hali zinazojumuishwa. Tukichukua hata lile dogo kabisa, Kenya ingekuwa na watu wapatao 23,800. Waliohesabiwa ni pungufu kwa zaidi ya mara kumi na tano. Sababu ni nyingi. Wako wasiojijua, kwa kuwa maumbile yao hayaonekani kwa nje. Wako waliofichwa. Lakini mwanaisimu ana swali la kuongeza: karani wa sensa alipopiga hodi na kuketi mbele ya mama mwenye nyumba, alitamka neno gani? Ikiwa alisema jinsia mbili, mama wa msichana asiyepata hedhi alijibu kwa haki kwamba hapa hayupo. Ikiwa alitamka neno lililosikika kama tusi, mama alijibu vivyo hivyo kwa hasira. Takwimu hukusanywa kwa maneno, na neno bovu huzaa hesabu pungufu. Na hesabu pungufu huzaa bajeti pungufu.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipiga hatua kubwa ya kifasili. Inamfafanua mtoto wa aina hii kuwa aliyezaliwa na sifa za kijinsi zisizoweza kuwekwa katika upande mmoja tu wa kike au wa kiume, kutokana na mpangilio wa viungo, homoni, tezi au kromosomu, na kwamba hali hiyo yaweza kudhihirika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, utotoni, wakati wa kubaleghe au ukubwani. Msomaji akilinganisha fasili hii na ile ya mwaka 2014 ataona kwamba katika miaka minane sheria ilijifunza semantiki. Fasili ya kwanza ilihesabu viungo. Ya pili inatambua mpangilio na wakati. Mifano yetu yote mitatu inaingia ndani yake.

Tatizo ni kwamba fasili hiyo nzuri imeandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mkunga wa kijijini, chifu na mwalimu wa chekechea hawatakutana na sheria hii kwa Kiingereza chake. Watakutana nayo kwa Kiswahili cha mtu fulani aliyeitafsiri haraka haraka, na kama mfasiri huyo ataandika jinsia mbili, miaka minane ya kujifunza itafutika kwa maneno mawili.

8.0 Mapendekezo

Kwa kuzingatia vigezo vya usahihi, ufupi, uzaliano, adabu na kukubalika, makala hii inapendekeza yafuatayo.

Kwanza, mwenye jinsia mbili kiachwe kabisa katika maandishi ya kitaaluma, ya kisheria na ya habari, kwa kuwa kinasema uongo.

Pili, huntha lihifadhiwe, lakini litumike zaidi kama kivumishi kinachofuata nomino: mtoto huntha, mtu huntha, mwanafunzi huntha. Muundo huu si mgeni. Tunasema mtoto yatima na mwanamke tasa. Nomino ya utu hutangulia, na sifa hufuata.

Tatu, kamusi zetu zilifafanue upya kwa fasili ya aina hii: aliyezaliwa na sifa za kijinsi, ziwe za kromosomu, tezi, homoni au viungo, zisizolingana kikamilifu na za kike wala za kiume. Katika kitomeo hicho hicho msomaji aonywe kwamba neno hili si kisawe cha hanithi.

Nne, jinsi litumike kwa maumbile na jinsia kwa majukumu ya kijamii, hasa katika fomu za serikali.

Tano, wahusika wenyewe waulizwe. Pingamizi lililo zito zaidi dhidi ya pendekezo langu ni kwamba neno lililokwisha kuchafuliwa haliwezi kusafishwa na makala ya jarida. Nalikubali kuwa pingamizi la haki. Ikiwa watu huntha wa Kenya watasema kwamba neno hili linawachoma, basi sifa zake zote za kifonolojia na kimofolojia hazitalifaa kitu, na itatubidi tuunde jingine. Jina ni la mwenye kuitwa kabla ya kuwa la mwenye kuita.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba watu waliozaliwa na maumbile ya kati wamekuwako daima. Kwamba jamii zetu ziliwataja, nyingine kwa kuwafungia nje na nyingine kwa kuwawekea fungu. Kwamba maneno tunayoyatumia leo yanasema uongo au yanatusi. Na kwamba sarufi ya Kiswahili, kinyume na msamiati wake, haijawahi kuwakataa.

Asije mtu akadhani kwamba huu ni mjadala wa maneno matupu. Turudi kwa mtoto wa mfano wa pili, yule ambaye mwili wake hauhifadhi chumvi. Amezaliwa nyumbani usiku. Mkunga amemtazama, na nyanya ya mtoto anangoja nje ya mlango na swali lake la mtoto gani. Ikiwa mkunga hana neno ila lile la aibu, atamfunika mtoto na kunyamaza, familia itamficha, na katika wiki ya pili au ya tatu atazikwa bila aliyejua kilichomuua. Ikiwa mkunga ana neno safi, atatoka na kusema: ni mtoto huntha, wapo wengi kama yeye, na kesho asubuhi tumpeleke hospitali apimwe. Tofauti ya maisha na kifo cha mtoto huyo ni sentensi moja ya Kiswahili sanifu. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Ni juu yetu tunaosomea lugha hii kulitafuta jina hilo na kulifikisha mlangoni kwa mkunga.

Maswali ya kujadili

1. Linganisha fasili ya mwaka 2014 na ile ya mwaka 2022 zilizojadiliwa katika makala hii. Ni sifa zipi bainifu za kisemantiki zilizoongezwa au kuondolewa?

2. Chunguza lugha yako ya kwanza. Je, ina neno la kumrejelea mtu huntha? Neno hilo linampa nafasi gani katika jamii?

3. Kwa kutumia mbinu za uundaji wa istilahi ulizosoma, pendekeza neno mbadala la huntha na ulitetee.

4. Andika swali moja la Kiswahili ambalo karani wa sensa angeweza kumwuliza mama mwenye nyumba kuhusu mtu huntha bila kupotosha wala kumvunjia yeyote heshima.